Washa

Bi Eluned alinipa ufunguo wa banda, si wa trekta.
Ule wa trekta, alisema, Ifor aliupoteza
mwaka uleule alioanza kupoteza maneno.
Basi naanza kwa bisibisi kwenye swichi,
kama mwizi,
Jumanne ya mvua, vilima vya Radnor, Welisi,
nimetoka zamu ya usiku na sare bado mwilini.

Ferguson mdogo wa kijivu. Kaganda.
Kuku wametaga kwenye kiti,
panya wamehamia bomba la moshi.
Zana zangu ni hizi: spana mbili, moja imepasuka mdomo,
kijiko cha supu cha kukwangulia masizi,
kopo la maharage, nimelitoboa liwe faneli,
jeki ya gari la mpangaji aliyehama,
na mpini wa ufagio: ncha moja kwenye injini, ncha moja sikioni,
nimsikilize kifua
nilivyofunzwa kusikiliza vifua vya watu.

Subira huvuta heri, wasema.
Nati ya nne haikusoma methali.
Niliilaza na siki, nikaipaka mshumaa, nikaitukana kwa Kidigo,
mwishowe nikaivika spana bomba la futi nne
nikaning'inia, mimi Mwanamkasi, kilo sabini na mbili.
Heri ikavutwa.
Ngozi ya kidole pia.

Gasketi ya kifuniko nimeikata kwenye boksi la shayiri,
mchoro kwa wanja wa nyusi.
Mkanda wa feni ni soksi za nailoni
nilizozisokota mara tatu.

Saa nane za usiku, wazee wamelala,
namwekea Ifor simu sikioni.
Nimemrekodia kikohozi cha leo:
ngu, ngu, kimya, halafu mluzi mwembamba wa hewa.
Mkono wake mmoja hautii tena.
Ule mzima unachora duara kwenye shuka,
dogo, na tundu katikati.
"Washa?" namuuliza. Nimechoka, Kiswahili kimeniponyoka.
Anafumba jicho moja.
Amenielewa! Au tumekutana njiani,
kila mtu akitoka kwao.

Maana kwetu neno hili lina ajira mbili:
washa ni kile kiduara cha gereji,
na washa ni amri.

Duka la vipuri liko maili ishirini, limefungwa hadi Jumatatu.
Namwaga mezani kopo la nyuzi la mama:
vifungo, sindano, shanga isiyo na wenzake,
na ndururu moja ya Mfalme Joji,
ina tundu tangu ilipozaliwa.
Mama alikuwa nazo kumi na moja, katunga uzini.
Hazikununua kitu tena, wala hakuzitupa.
Naichoma kwenye gesi ya jikoni mpaka iwe nyekundu,
naizamisha majini, inalainika,
nalipanua tundu kwa tupa ya kucha.
Naibana kwenye mrija wa dizeli.
Haivuji.
Haya, inavuja kidogo. Nimekinga kikombe.

Jumapili. Bi Eluned mlangoni, ndani ya koti la mumewe,
na birika la maji ya moto, si ya chai,
ya kumwagia injini tumbo.
Bisibisi kwenye swichi.
Ngu.
Ngu.
Moshi mweupe, kuku mbio, mimi naapa sitarudia,
kisha ikawaka,
spana zote mbili zikicheza sakafuni
na matone ya paa yakidondoka kabla ya zamu yao.
Bi Eluned hakusema neno. Aligeuka, akaingia ndani,
birika kalisahau juu ya matope.

Usiku ule nikampelekea Ifor mlio mzima, dakika nne na nusu.
Niseme kweli, nilitarajia machozi.
Nilishaweka na karatasi laini karibu.
Akasikiliza kama kadhi.
Akaashiria nirudie.
Kisha akauinua mkono ule mzima
akanionyesha vidole vitatu, akavitikisa,
kwa hasira kabisa:

silinda ya tatu.