Kwa Dama, Kabla Sijarudisha Ufunguo

Dama,
kiti kinayumba mguu wa nyuma, kikalie polepole.
Feni ina mwendo mmoja tu. Dirisha la kulia lifunge
kila Taib muuza vipuri anapowasha jenereta huko chini,
la sivyo moshi utakujia hadi kwenye kibodi.
Hayo ni ya chumba. Sasa ya msimbo.

Faili la dozi usiliguse kabla hujalisoma mara tatu.
Nililiandika Mwembe Tayari nzima haina stima,
betri imebaki asilimia nne,
kigezo nikakiita x, kingine xx,
na cha tatu, Mungu anisamehe, xx_mpya_kweli.
Leo mimi mwenyewe sivijui.
Mtoto humpi jina la "yule".
Andika dozi_zilizobaki, andika siku_ya_mwisho.
Kidole kikichoka hupona. xx haiponi.

Bi Mishi wa Kisauni alitupigia kwa hasira moja
ambayo bado naisikia nikipita karibu na simu.
Tulikuwa tumemwandikia: dawa ya presha, saa mbili, usiku.
Mashine ikaona mbili, ikaelewa mbili,
ikamwamsha saa nane, paka wenyewe wamelala.
"Mwanangu, adhana bado, jogoo bado,
nyinyi mwanigongea kengele ya nini?"
Sikuwa na jibu la kumpa.
Mashine huhesabu toka kiza cha manane;
sisi twahesabu jua litokapo, na tena litwapo.
Hakuna aliyeiambia.
Nikaiambia:

    kama kipindi ni "usiku" au "alfajiri":
        rudisha (saa + 18) % 24
    vinginevyo:
        rudisha saa + 6

Usiniamini. Chukua kalamu.
Mbili ya usiku: ishirini. Saba ya usiku: moja.
Kumi na mbili ya alfajiri: sita.
Kisha jaribu sita ya usiku, maana mpakani
ndipo wadudu wanapojificha,
kama mende kwenye ufa wa kabati, si katikati ya sahani.

Halafu akaja Mwang'ombe.
Ile ritifaa ndogo, punje ya ufuta,
iliikata amri yangu katikati,
hifadhidata ikadhani nimemaliza kusema.
Dukani wakamwambia, "Mzee, jina lako lina makosa."
Akatoa kitambulisho, akakiweka juu ya kaunta,
akanyamaza.
Dama, jina la mtu halina makosa.
Kosa lilikuwa langu, niliyeunga maneno kwa gundi.
Jina usilibandike ndani ya amri. Acha nafasi, lipitishe kando:

    tafuta("jina = ?", jina)

Hiyo alama ya kuuliza ni hodi.
Mgeni hasukumi mlango, hubisha.

Nakala: mbili, na zisilale nyumba moja.
Sitaki kueleza nilivyojifunza hili.
Ilikuwa masika, dari likavuja, siku kumi na moja za wateja zikaenda,
nikazunguka na daftari duka kwa duka, Majengo mpaka Tudor,
nikiomba watu wanikumbushe walichoniambia.
Wengine walikumbuka vibaya. Wengine walicheka.

Nenosiri limebandikwa chini ya meza. Najua. Libadilishe leo.

Limebaki moja. Mstari wa mia mbili na sita umeandikwa

    subiri(3)

na juu yake nimeweka maelezo: "usiondoe".
Si maelezo hayo, ni uoga.
Niliutia usiku mmoja, programu ikaacha kuanguka.
Nikiutoa, inaanguka.
Sekunde tatu inangoja nini, sijui;
miaka minne naipita kama mtu anayepita nyumba anayodaiwa.
Ukigundua, nipigie, hata saa mbili usiku.
Ile yetu.

Ufunguo uko kwa Taib.
Usisukume mlango, uvute kwanza kwako, kisha uzungushe.