Ndoo ya Tatu

Miaka ishirini na tisa nilisoma damu za watu
kwenye vioo vyembamba, kule juu Bugando,
nikaandika: wapo, hawapo, wapo wengi.
Nimestaafu. Sasa nasoma majani.

Wagonjwa wangu saba wamekaa ndani ya ndoo za rangi
kibarazani, hapa Mabatini,
nyumba imeliegemea jabali kama mtoto aliyechoka.
Jabali nalo lina tabia yake:
mchana linameza jua, usiku linalitema,
na miche iliyo karibu inapukutisha maua
kabla hayajafunga tunda.
Huo si ugonjwa. Niliisogeza hatua nne.

Ndoo ya kwanza: nyanya ina kitako cheusi,
kimebonyea, kikavu kama ngozi ya ngoma.
Jirani yangu Nkwimba akaguna: "Hapo pana jicho."
Jicho? Hapo pana bomba.
Bomba letu hutoka Jumanne, likapotea hadi Jumapili,
na mche hauna kalenda;
unakaa na kiu siku nne, ya tano unafurikwa,
chokaa ya udongoni haifiki kwenye tunda.
Nikaagiza: kikombe asubuhi, kutoka kwenye pipa,
na nyasi kavu juu ya udongo.
Nkwimba alifunga kitambaa chekundu shinani.
Nimekiacha. Hakinywi maji.

Ya tano: majani mapana, kijani cha kujivuna,
shina kama mkono wa mbeba magunia,
bila ua hata moja.
Kosa langu: samadi kila wiki, na maji niliyooshea dagaa.
Aliyeshiba hana haraka ya kuzaa.

Ya sita ilinyauka saa sita mchana, ikainuka jioni.
Kesho yake haikuinuka, na majani bado ya kijani.
Nikakata shina, nikalining'iniza kwenye glasi ya maji,
nikasubiri kama nilivyosubiri vioo vikauke.
Uzi mweupe ukashuka, mwembamba,
maziwa yanayotafuta njia.
Mnyauko. Hauna dawa.
Nikang'oa, nikachoma, kisu nikakichemsha.
Sijawahi kupenda
kuwa mtu wa kwanza kulijua jibu.

Lakini ya tatu ilinishinda.
Majani ya chini yamekuwa manjano, yanadondoka yenyewe.
Nimegeuza kila jani: hakuna inzi weupe,
hakuna vijia vya kantangaze,
hakuna baka la ukungu.
Maji kikombe kimoja. Najua, naweka mimi.
Nikazamisha kidole: tope.
Nikanusa: mwaloni wa Kirumba asubuhi ya masika.

Huo ni mche wa Holo, mjukuu wetu.
Aliupanda kwa mbegu aliyoitema mezani,
siku aliyosoma kitabuni kwamba bibi pia ni nyanya,
akacheka wiki nzima.
Kisha mama yake akaja kumchukua, wakavuka kwenda Sengerema,
na mimi na Lugendo tukagombana
juu ya nani alimruhusu aondoke,
ugomvi mfupi, ukimya mrefu.

Saa tisa usiku nikasikia kopo likigonga pipa.
Nikatoka. Mume wangu peku, simu mdomoni
ikimmulika, kikombe mkononi.
"Nilidhani umeusahau," akasema, mate yakimtoka.
"Naumwagilia kila asubuhi."
"Mimi kila usiku."

Tukasimama hapo, wauguzi wawili wa zamu moja,
kila mmoja akiamini yuko peke yake wodini.

Hatukurudi kulala. Niliwasha jiko la mkaa,
nikapasha msumari hadi ukawa mwekundu;
yeye akaiinamisha ndoo, akaikumbatia.
Nikatoboa matundu manne.
Maji yakatoka meusi, tone, tone,
yakafuata ufa wa jabali kuelekea ziwani.

"Utapona?"
Hospitalini tulifundishwa kutolijibu swali hilo.
"Mizizi ikiwa bado myeupe," nikasema,
"usiuguse mpaka Ijumaa."
"Na wewe?"
"Na mimi."