Irabu Moja

Jumamosi saa kumi, Ngara, ghorofa ya pili,
katika duka la fotokopi la Abdirizak
mashine imezimwa ipoe, sisi tumewaka.
Juu ya kaunta daftari kumi na moja,
mwandiko wa watu saba, miaka tisa,
nchi nzima ya Ukungwe, milima yake, ushuru wake, laana zake,
na doa moja la wino
ukubwa wa punje ya mtama.

Doa limekalia Sheria ya Tatu:

    Moto ukiitwa huja, haubishi hauchoki,
    Hata upepo hungoja, kizingiti hauvuki,
    Giza nalo lina hoja, ila jina halitaki,
    Mwenye kuita hulip–, kumbukumbu ya moyoni.

Hulipa, au hulipi?
Ni hilo tu. Kwa hilo Kerubo na Achola
hawajasalimiana tangu Pasaka.

Achola ana ushahidi, daftari la tano:
Sembea aliuita moto mara tatu pale daraja la Ndweo,
akarudi kijijini hajui mlango wake ni upi.
"Alikuwa amelewa," asema Kerubo. "Ukurasa wa nyuma. Soma."
Tunasoma. Kweli, kuna mtungi.

Abdirizak anauliza kuhusu mbuzi.
Kama Sembea alilipa, mbona jina la mbuzi analikumbuka
hadi daftari la nane?
Achola anajibu kwamba yule ni mbuzi mwingine.
Tunabishania mbuzi kwa dakika arobaini.
Mteja anaingia na kitambulisho, anataka nakala mbili,
anasubiri, anasikiliza,
anasema yeye angeita mvua tu, kidogo,
ya kutosha sukuma wiki,
analipa shilingi kumi, anashuka ngazi.

Nzisa, anayepima mizani kwa vidole,
asema vina havitatuokoa:
kituo kina uhuru wake, hufungia kinapopenda,
na mizani ni nane hivi, ni nane vile.
"Muchai alijua. Aliuacha mlango wazi makusudi."
"Au kalamu ilivuja," nasema haraka,
nami nina sababu: ndimi niliyelibeba daftari la kwanza
chini ya shati, mvua ya Aprili,
nikalifikisha hapa likiwa uji.
La asili halipo tena.
Tulicho nacho ni nakala ya uji.

Kisha Kerubo akasema, macho dirishani:
"Nalipa maji. Nalipa taka. Nalipa choo pale stendi.
Nalipa kanjo ili nisilipe faini.
Acheni kuwe na mahali pamoja
mtu anaita kitu, kinakuja,
na hadaiwi."
Hata Achola alinyamaza.

Basi tukamtumia Muchai ujumbe wa sauti,
Muchai mlinzi wa ghala huko Doha, zamu ya usiku,
yeye aliyeianza Ukungwe akiwa kidato cha pili
kwa kalamu ya kuazima.
Tukamsomea ubeti wote kwa pamoja, vibaya.
Sema tu irabu, tukamwambia,
a ama i, tupate kulala.

Jibu lilifika taa za barabara zikiwaka.
Feni nyuma yake, mtu akikohoa.
"Wazee wangu," alisema, "ubeti mtamu huo.
Sheria ya Tatu ya nini?
Nani kati yenu aliutunga?"

Abdirizak akaurudia ujumbe, sauti juu.
Akaurudia tena.

Kerubo akaichukua kalamu nyekundu ya risiti,
akalivuta daftari la kwanza, akalifuta vumbi lisilokuwepo,
akaandika a,
ndogo, yenye mkia,
kisha akamsukumia Achola bilauri yake ya chai.
Hakuna aliyeshangilia.

Mashine ilikuwa imepoa.
Tulitoa nakala saba,
na ya saba tukaiandikia jina lake juu
kwa herufi kubwa.