Sura ya Tisa

Armgarð aliniletea mswada ndani ya kasha la viatu,
karatasi mia tatu na ushei, zikinukia tumbaku na dawa ya kuogeshea kondoo.
Mumewe, Sámal, alikuwa daktari wa mifugo wa visiwa sita.
Aliandika usiku, kwa taipureta,
kisha akazipa sura namba kwa kalamu nyekundu,
namba nene, zimeinama
kama watu wa Klaksvík wanaotembea kuukabili upepo.

"Kipange," akasema. "Kiwe kitabu."

Nikaketi. Mvua ilipiga dirisha kwa ubavu;
huku kwetu mvua haijui kunyesha wima.
Nikaanza kwa kufuta namba zake zote.
Ndivyo ninavyomwambia Eyðfinn, anayejifunza kwangu:
namba ya mkono ni mpangaji mkaidi,
ukihamisha nyumba, yenyewe inabaki mlangoni.

Nikaunda mtindo wa aya, nikauita Kichwa cha Sura.
Nikaufunga kwenye orodha, ngazi ya kwanza,
nikaiagiza orodha iendelee toka faili hadi faili,
maana kila sura hulala kwenye faili lake,
na usipoagiza, kila faili huamka likijiona la kwanza:
sura ya kwanza, sura ya kwanza, sura ya kwanza,
kama madume ya kondoo katika zizi moja.

Mara ya kwanza nilisahau nafasi isiyokatika.
"Sura ya" ikabaki juu,
"11" ikaangukia mstari wa chini, peke yake, miguu hewani.
Nikarekebisha. Nikabofya.
Zikajipanga ishirini na mbili, hakuna iliyosukumana.
Nikajimiminia kahawa kama mtu aliyemaliza deni.

Alhamisi Armgarð akaja kusoma prufu.
Hakuvua koti.
Hakusoma maneno, alisoma yaliyomo,
kidole kikiteremka:
saba,
nane,
tisa. Kidole kikasimama.

"Hii si ya tisa. Hii ni ya kumi."

Nikamweleza: mama, mumeo aliruka,
kutoka nane akaenda kumi, kalamu iliteleza,
kompyuta imesahihisha.
"Sámal alihesabu kondoo miaka arobaini," akasema.
"Hakuwahi kuruka hata mmoja."

Birika lilichemka. Sikuliondoa.

"Ya tisa ni ya Hanus."
Kisha, kwa sauti ya mtu anayesoma risiti:
Oktoba, ukungu, mteremko wa magharibi,
kondoo wote walirudi.
"Majira ya baridi kumi na moja aliketi kuiandika.
Aliandika namba. Akazima taa."

Nikasema naweza kuweka ukurasa mtupu,
labda na mstari mwembamba wa kijivu.
Akanitazama kama nimemwonyesha shada la plastiki.
"Sura yake ninayo mimi," akasema.
"Kitabuni niachie pengo."

Nikarudi kwenye kisanduku kilekile.
Kuendelea, mashine inajua; ndiyo kazi yake, ndiyo maringo yake.
Kuruka lazima uitume.
Unasimama kwenye kichwa kinachofuata cha nane,
unaondoa "endelea na iliyotangulia",
unachagua "anza na", unaandika 10.
Ni mbofyo mmoja tu.
Eyðfinn alikwenda dukani akarudi, mimi bado sijabofya.

Halafu zikasogea, kila moja hatua moja,
mpaka ya ishirini na mbili ikawa ya ishirini na tatu,
na kati ya nane na kumi
hapakuongezeka hata nukta ya wino.

Wiki tatu baadaye Guntis, mpiga chapa wetu wa Riga,
mtu mwangalifu, anayepima hata ukingo wa karatasi, akaandika:
Faili ni safi. Fonti zimo. Picha ni kali.
Ila sura ya tisa haipo. Tuisubiri?

Eyðfinn akainama kwenye kibodi, tayari kuomba radhi.
Nikamsogeza kwa kiwiko.

Haipo, nikajibu.
Chapeni.