Daftari la Presha

Saa saba na robo usiku: mia na sitini na nane kwa mia na mbili.
Ya Milano imeshuka.
Saa tisa kasorobo: mia na sabini na moja.
Ya Doha imepaa, na mbwa wa Kwarara wote wamejibu.

Leo si zamu yangu. Nimekaa kitako kando ya kitanda,
naandika katika daftari la skuli la mwanangu,
nyuma ya hesabu zake za kuzidisha.

Mama amelala.
Kanda ya kipimo inamkumbatia mkono, inavimba, inanywea,
naye anakoroma kama hakuna lililopita.
Asubuhi ataniambia, "Nimelala fofofo.
Hizo ndege mie nishazizoea."

Sikio ndilo lililozoea.
Moyo huamka peke yake,
huvaa viatu gizani, hutoka mbio mpaka mlangoni,
haukuti mtu, hurudi.
Mara sita kwa usiku mmoja.
Miaka thelathini na moja.

Alipoletwa Kisauni bi harusi, anasimulia,
ndege alikuwa kurumbiza kwenye mpera,
na njiwa, na kunguru mwizi wa sabuni.
Ya chuma ilikuja moja kwa siku,
watoto wakatoka nje kuipungia.
Neno limebaki lile lile, mbawa zimebadilika.
"Ndege mbaya hii," husema bati likitetema,
na sijui kama anataja mkosi au mashine.

Kituo cha afya, Daktari Zuwena anamuuliza:
Chumvi? Kidogo.
Mafuta? Tui tu, na la kuonjea.
Una mawazo, bibi?
Mama anacheka. "Nani hana?"
Fomu haina kisanduku cha kuuliza
paa lako liko futi ngapi chini ya tumbo la ndege.
Nikamwekea daftari mezani.
Akalipekua kimya, akavua miwani,
akaivaa tena.
Akaandika: aongezewe nusu kidonge.

Nami nimlaumu nani?
Mimi ndiye ninayeshusha mabegi.
Nusu kidonge ile inalipwa na ile ya Milano.
Mgeni njoo, mwenyeji apone:
naibeba methali hiyo pamoja na masanduku yao,
kilo ishirini na tatu kila moja,
nikijua saa ngapi watastaftahi Nungwi
na saa ngapi mama aliamka bila kuamka.

Kazini walinipa vifunika masikio, rangi ya chungwa.
Nikamletea. Akavivaa juu ya mtandio, akajitazama kiooni,
"Nimekuwa rubani!" Tukacheka mpaka machozi.
Usiku wa tatu akavirudisha.
"Sikusikia adhana, Ussi. Alfajiri imenipita.
Na kifua hukukifunika."

Zimo kurasa kumi na tatu ambazo nazifungua kwa siri.
Mwaka ule wa barakoa.
Anga ilifungwa, njia ya kurukia ikakaa kama mkeka usiolaliwa.
Mia na thelathini na nne kwa themanini na sita.
Mia na thelathini na moja.
Mia na ishirini na tisa, na pembeni nimeandika:
kurumbiza, saa kumi na moja.
Mshahara: hakuna.
Tulikula muhogo, kisha majani ya muhogo.
Vidonge viliisha, nambari hazikupanda.
Sikumwambia mtu. Utamwambiaje mtu
kwamba dunia ilipougua, mama yako alipona?

Saa kumi kasoro dakika tano.
Hii siijui, haimo kwenye ratiba.
Taa zake zinapita ukutani, juu ya chandarua, juu ya shavu la mama.
Maji ndani ya glasi yanajichora duara.
Nabonyeza kitufe. Kanda inavimba.
Nangoja nambari,
mkono wangu wa pili uko kifuani pangu,
sikumbuki niliuweka lini.