Nyumba Namba 214

Miaka thelathini na moja baba hakupiga msumari.
Kanuni ilibandikwa nyuma ya mlango
kwa Kifaransa, na chini yake kwa Kiswahili cha amri:
*Kuta ni mali ya Kampuni.*
Picha ya harusi yao iliegemea redio,
na mama alitundika ungo kwenye komeo la dirisha
kama mtu aliyeazima hata hewa.

Kisha Kampuni ikaishiwa pumzi.
Bomba refu likaacha kutema moshi,
mlima mweusi wa makapi ya shaba ukapoa,
posho ya unga ikawa nusu gunia, ikawa bakuli, ikawa hadithi.
Mshahara ukakatika mwezi wa tano
na haukurudi kueleza ulikokwenda.

Ndipo wakaja na meza na muhuri.
"Baba Kyembe, nyumba unayopanga utauziwa.
Kwa kuwa wewe ni wa zamani, tunakupunguzia.
Kwa kuwa tuna deni lako, tunalikata humo humo."
Wakahesabu miezi arobaini na miwili.
Neno *punguzo* walilitamka taratibu,
kama watu wanaombembeleza mtoto alale.
Baba alitazama kidole chake
kilichobaki nusu kwenye mashine ya tatu.
Hicho hakikuwemo katika hesabu.

Salio lilikuwa dola mia nne na sabini.
Mama aliuza cherehani.
Mjomba Kapend wa Katuba alileta mia, akasema ni mkopo,
hakuidai mpaka akafa.
Siku ya matanga watoto wake waliidai.

Jirani yetu, mjane wa Tshala, hakuitwa mezani.
Daftarini lilikuwemo jina la marehemu,
na marehemu hatii sahihi.
Nyumba yao ilichukuliwa na watu
wasiojua kwamba mlango wa choo hauwi mlango
mpaka uuinue kwanza.
Mama Tshala aliondoka na mlango wa jikoni kichwani.
Huo aliununua mwenyewe.

Mvua ya kwanza ya Novemba ikavuja juu ya kitanda.
Baba akavaa helmeti, akaenda ofisi ya matengenezo
kujaza karatasi, kama kawaida.
Akakuta kufuli yenye kutu,
na mchwa wamekwisha kula ngazi ya kwanza.
Akarudi amelowa mpaka kwenye soksi.

Usiku nilimwona mezani, mshumaa karibu na kiwiko,
anaandika kwa herufi zake za shule ya mapadri:
*Kwa mwenye nyumba. Paa linavuja, chumba cha kwanza.
Ni jambo la haraka. Asante.
Kyembe, mpangaji.*
Akaikunja mara mbili, akatoka nje kwenye mvua,
akaipenyeza chini ya mlango wetu,
akapiga hodi.

Mama akajibu kutoka kitandani, katikati ya ndoo mbili:
"Mwenye nyumba amelala.
Mwambie aje asubuhi, na aje na ngazi."

Asubuhi alipanda. Mimi nilishika ngazi.
Misumari sita ilikuwa imebanwa midomoni mwake,
hata salamu za majirani alizijibu kwa nyusi.
Akapiga wa kwanza.
Akasimama, nyundo juu,
akasikiliza
kama kuna mtu atakayetoka kuuliza.