Marehemu Anachaji Simu

Hapa Majengo nachaji simu, mia tano kila moja,
kwa betri ya lori na paneli juu ya bati.
Zinalala mezani zimebanana
kama sambaza kwenye ungo,
kila moja na karatasi yake: jina, namba, deni.

Jumanne ile picha ilinifikia saa saba mchana.
Ilitoka kwa binamu yangu wa Kinshasa,
ambaye hajaiona Goma tangu abatizwe.
Mtu amelala chali juu ya chukudu,
kichwa kwenye gunia la viazi, mdomo wazi,
shati jekundu toka kifuani hadi kiunoni.
Chini yake: "Wamemuua Kibati. Sambazeni."

Nikasambaza.
Sikuuliza nani kapiga picha, wala lini,
wala hiyo "wa" ya "wamemuua" ni akina nani.
Silabi moja tu, imeachwa tupu kama bidoni,
na kila mtu akaijaza majirani
aliokuwa akiwachukia tayari.
Niliongeza nyuso tatu zinazolia.
Nikatuma kwa kwaya, kwa avenyu yetu, kwa tuliosoma pamoja.
Kisha nikala sombe. Ilikuwa tamu.

Uongo ni chukudu inayoshuka kutoka Kibumba:
haihitaji wa kuisukuma, inahitaji mteremko tu,
na breki yake ni kipande cha tairi
kinachongoja mguu wa mtu ukikanyage.
Mguu nilikuwa nao.

Saa kumi na moja jioni, kule juu,
vijana walichoma duka la mzee Semivumbi,
ambaye kosa lake ni namna anavyotamka salamu.
Sabuni iliungua. Biskuti ziliungua.
Daftari la madeni liliungua,
na waliobeba kiberiti
majina yao yalikuwamo.

Alhamisi, marehemu akaja kuchaji simu.
Mahamba, na jasho lake, na buti zake za mpira,
na shati lile lile, doa limefifia kuwa la machungwa.
Mawese. Bidoni ilimpasukia njiani,
akachoka, akalala.
"Imezima siku tatu," akasema.
"Mama wa watoto atakuwa amekasirika."

Nikachomeka waya. Mkono wangu ulitetemeka,
kisha simu ikaamka, ikatetemeka nayo:
mkewe alipiga mara arobaini na moja,
halafu akaacha kupiga.

Nikamwonyesha. Aliishika picha mbali na uso,
kama anayesoma barua ya mtu mwingine.
"Ule ni miye," akasema. "Lakini nilikuwa nalala tu."
Akanyamaza. "Nani alituma?"

Majibu mazuri yalikuwepo mengi.
Binamu. Kinshasa. Watu. Mtandao.
Nikasema: hata mimi.

Ukweli tuliupandisha kama chukudu yenye mzigo,
yeye mbele akivuta, mimi nyuma nikisukuma.
"Yu hai. Ni mawese. Hakuna aliyemuua."
Kwaya, kimya. Tuliosoma pamoja, kimya.
Wa avenyu mmoja akaandika "aksanti".
Mwingine: "Lete ushahidi,"
yule yule ambaye Jumanne
hakuhitaji ushahidi wowote.

"Basi nipige ingine," Mahamba akasema, "macho wazi."
Akasimama kwenye ukuta wa mawe meusi ya mlima,
akafunga kifungo cha juu,
akalificha doa kwa kofia yake.
Kisha akaiondoa kofia.
Nikainua simu.

"Nicheke?" akauliza.

Nikaliwaza lile daftari, kurasa zake,
mwandiko wa mzee ambao sikuwahi kuuona.
"Sijui," nikasema,
na kidole kikabaki juu ya kioo, hakijagusa,
chaji imebaki asilimia nne,
naye anangoja, amesimama wima kabisa,
kama mtu anayepimwa nguo.